Samaki wa Mama Mkwe

Kuna watu wakishikwa na hasira huvunja vyombo. Mama Dawa akishikwa na hasira huongeza dawa. Hilo ndilo kosa lake, na nalisema mapema kwa sababu mtaa mzima umekwisha kulisema, tena kwa maneno mabaya kuliko yangu.

Jina hilo hakujipa mwenyewe, alibandikwa na majirani. Anafanya kazi kwenye kituo cha maji kule mlimani, na kazi yake, mwaka nenda mwaka rudi, ni kutia dawa kwenye maji kabla hayajashuka mjini. Ni mwanamke mfupi, mwenye vidole vilivyochubuka kwa unga wa klorini, na koti la mvua analolivaa hata jua likiwaka, maana unga ule ukigusa nguo, nguo hiyo umeiaga. Alianza kazi akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo sasa ana watoto wake, na mama yake bado yuko pale pale, anapima, anakoroga, anamwaga, na kila siku kabla ya kuondoka anakinga glasi ya kwanza mwisho wa bomba na kuinywa yeye mwenyewe. Hakuna aliyemwagiza. Anasema mpishi asiyeonja chakula chake ni wa kuogopwa.

Sasa, watu wanadhani kutia dawa ni kumwaga na kwenda zako. Wangejua! Maji ya bwawani yana vidudu. Sisemi vile vya kutisha vya kwenye picha za hospitali. Nasema vile vidogo kama nukta, vyenye kimkia, ambavyo ukiinua glasi kwenye mwanga unaviona vinaruka-ruka kama vimechelewa mahali. Wakati wa joto, bwawa likigeuka kijani, vinazaana mpaka basi. Na vina ujanja. Kidudu kilicho hai kinajipenyeza kwenye mchanga wa kuchujia, kinajikunja, kinajinyoosha, mwisho kinatokea upande wa pili salama salimini. Kilichokufa hakina ujanja, kinakwama. Kwa hiyo dawa inatangulia kwenye birika la kwanza, maji yanaachwa yatulie ili dawa ifanye kazi yake, kisha inatiwa shabu ya kukusanya uchafu, ndipo maji yanapita kwenye mchanga. Ukiharakisha umeharibu. Ukipunguza umeharibu. Ukizidisha, vidudu vimekufa lakini wewe utasemwa.

Na alisemwa. Maji yakinuka kidogo, Mama Dawa anataka kutuua. Kikionekana kidudu kimoja, Mama Dawa amelala kazini. Siku moja uvumilivu ulimwishia mbele ya muuza mkaa wa pembeni.

"Nyie mnataka maji gani hasa? Yasiyo na dawa na yasiyo na vidudu? Hayo nendeni mkachote mbinguni."

"Huko nako hayajatoka tangu mwezi uliopita," alimjibu muuza mkaa, huku akiendelea kupanga mafungu yake.

Lakini mtaa ulikuwa afadhali, maana mtaa unaishia mlangoni. Mkosoaji mkuu alikuwa ndani, uani, kwenye kiti cha kamba kando ya tangi. Mama mkwe.

Mama mkwe alihamia pale baada ya mumewe kufariki. Mwanawe wa pekee, yaani mume wa Mama Dawa, ni fundi saa, mtu mpole ambaye ukimuuliza jambo gumu anavaa miwani yake na kutazama saa ya mtu. Siku ya kuhama alikwenda kumchukua mama yake, na mama akaja safari nzima amepakata beseni. Ndani ya beseni mlikuwa na samaki, perege mdogo mweusi. Marehemu mumewe ndiye aliyemtia kwenye tangi la nyumba yao ya zamani, ale viluwiluwi vya mbu. Mama mkwe hakuanza kwa kusalimia. Alilitazama tangi la saruji la pale uani, lile kubwa ambalo bomba likikauka mtaa mzima huja kuchota humo, akavuta hewa puani, akatoa hukumu.

"Yananuka dawa. Basi huyu samaki ataishi humu, atakuwa shahidi wangu. Maji yakiwa mazima, na yeye mzima. Siku atakayokufa kwa dawa ya mkeo, mimi narudi nilikotoka."

Alikotoka hakukuwa na mtu, na bati la nyumba lilikwisha kung'oka upande mmoja. Fundi saa akampokea beseni.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi mama mkwe alifunua mfuniko wa tangi, akamsalimia samaki, akamtupia makombo, kisha akampa habari. Habari zenyewe nyingi zilimhusu mkaza mwana wake, na sauti yake ilipandishwa kiasi cha kufika jikoni. "Umeamkaje, bwana mdogo? Sisi hatukulala. Mke wa mtu jana kaunguza mboga, halafu anasema moto ndio mkali." Mama Dawa, akiwa jikoni na sufuria mkononi, alihesabu pumzi zake na kuondoka kwenda kazini mapema. Na kama hilo halikutosha, kulikuwa na wimbo wa udogo wa yule samaki. "Mtazame. Miaka yote hii hakui. Dawa imemdumaza." Mume akisikia hivyo alivaa miwani.

Basi mwaka huu joto likaja vibaya. Asubuhi moja mama mkwe akachota maji tangini, akainua glasi kwenye jua, na humo ndani nukta zikawa zinaruka. Mtu mwingine angemwita mkaza mwana wake wakazungumza. Yeye aliifunika glasi kwa kisahani, akavaa viatu vyake vya kutokea, akaipeleka kwa meneja wa maji kwa miguu, akisimama kila mlango kuonyesha. Alipofika ofisini, habari ilikuwa imemtangulia na imeongezeka ukubwa. Wengine walikuwa wanasema ni nyoka.

Meneja si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka, mwenye kamati ya watumiaji maji inayompigia simu hata akiwa bafuni. Alimwita Mama Dawa, akamsogezea glasi.

"Nani kaleta?" Mama Dawa aliuliza.

"Mama mkwe wako."

Mama Dawa aliiacha glasi pale pale. Alirudi kwenye chumba chake cha dawa, akakoroga pipa kwa hasira, na siku ile dawa ilizidi. Juma lililofuata glasi ikarudi mezani kwa meneja, na nukta zimeongezeka. Akazidisha tena. Sasa mtaa ulianza kunuka. Watu walioga huku wamefumba macho, nguo za rangi zilififia kwenye kamba, kinyozi akawa anaombwa asimwoshe mtu kichwa. Na vidudu? Vipo. Majirani wanaochota kwenye tangi lile nao wakaanza kuinua glasi zao juani. Mama Dawa alikaribia kupata wazimu. Alisafisha mchanga, akabadilisha shabu, akayaacha maji yatulie mpaka mji mzima ukakaukiwa na watu wakamtukana kwa hilo pia.

"Sikia," meneja alimwambia, na alikuwa anaona haya kusema. "Jumatatu kamati inakaa. Usipoweza kueleza vidudu hivi vinatoka wapi, sitakuwa na la kukutetea. Nitakutoa kwenye dawa, nikupeleke kusoma mita."

Kusoma mita ni kazi ya halali, wala siidharau. Lakini kwa Mama Dawa ilikuwa kama kumwambia mama mzazi kwamba kuanzia sasa ataruhusiwa kuwatazama wanawe dirishani. Alitoka ofisini bila kuaga, akaenda kuketi nyuma ya nyumba ya pampu, akalia. Aliona uchungu, na uchungu wenyewe ulikuwa na sura ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha kamba.

Aliyemwokoa ni mpimaji wa maji wa pale kituoni, msichana aliyetoka chuoni juzi tu, ambaye Mama Dawa hakuwa amempa uzito kwa sababu ya kucha zake ndefu. Msichana aliichukua glasi ya mama mkwe, akaweka tone chini ya lenzi, akatazama muda mrefu.

"Mama, njoo uone. Haya ni majike. Unaona vifuko viwili huku nyuma? Mayai hayo."

"Kwa hiyo yananizalia pia. Ahsante kwa habari njema."

"Sikiliza kwanza. Kidudu kilichopigwa na dawa kali hivi kule kwetu hakifiki chini kimenona namna hii na mayai juu. Hivi vimezaliwa mahali palipotulia, penye tope kidogo. Wewe unazidisha dawa huku juu, vyenyewe haviko huku."

"Viko wapi?"

"Mimi sijui. Fuata bomba."

Mama Dawa alikuwa mbishi, lakini mbishi mwenye adabu ya kazi. Alibeba chupa zake, akafuata bomba. Maji yanapotoka kwenye mchanga, safi. Chini ya mlima, safi. Kwa kinyozi, safi, na kinyozi akampa maneno yake. Akafika getini kwake, akafungua koki iliyo kabla ya tangi, akakinga. Safi kabisa, ila yalinuka mpaka yeye mwenyewe akakohoa, na hapo aliona haya kweli. Kisha akaingia uani, akafunua tangi, akachota, akainua chupa kwenye jua. Nukta zikaruka.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na wahenga hawakuwa hata na bomba. Lakini vimeingiaje? Tangi lina mfuniko. Walilisugua mwanzoni mwa joto. Bomba linaloingia ni safi. Mama Dawa alikwenda kuketi jikoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, akifikiri mpaka kichwa kikauma. Ilikuwa Alhamisi, mchana, saa ambayo mama mkwe hulala kidogo na ambayo yeye Mama Dawa kwa kawaida huwa mlimani.

Geti likafunguka polepole, kama linavyofunguliwa na mtu asiyetaka lilie. Akaingia mumewe, ambaye muda ule alitakiwa awe dukani kwake amejikunyata juu ya saa za watu. Mkononi alikuwa na ndoo yenye mfuniko. Alitazama dirisha la chumba cha mama yake, akafunua tangi, akatoa mfukoni kichujio cha chai, kile kile ambacho Mama Dawa alikuwa amekitafuta siku nyingi. Kwa kichujio akaopoa samaki aliyeelea ubavu, akamfunga kwenye gazeti, akamtia mfukoni. Kisha akainua ndoo, akamwaga tangini samaki mwingine mdogo mweusi, pamoja na maji yake yote ya kijani.

Mama Dawa alitoka jikoni.

"Unafanya nini?"

Mume alitafuta miwani yake. Ilikuwa usoni.

"Nabadilisha samaki," akasema.

"Huyo ni wa ngapi?"

"Niliacha kuhesabu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, ya kupanda mlima na kushuka, tena na ndoo. Alieleza kwa sauti ya chini, akitazama gazeti mfukoni mwake. Samaki wa mama alikufa juma lile lile la kwanza. Alimkuta asubuhi kabla mama hajaamka, akakumbuka lile neno la kurudi alikotoka, akaona bati lililong'oka, akaona mama yake peke yake. Akakimbia bwawani akavua mwingine wa ukubwa ule. Alidhani ni mara moja tu. Wakawa wanakufa, mmoja baada ya mwingine, wengine wakikaa miezi, wengine wiki. Na mwaka huu ndiyo balaa.

"Tangu uongeze dawa hawamalizi hata siku nne," alisema, na ilionekana kama analalamika.

Mama Dawa akayaona yote kwa mara moja. Yeye anaongeza dawa. Dawa inamuua samaki, maana samaki ni dhaifu kuliko kidudu. Mume anakwenda bwawani, anarudi na samaki ndani ya maji ya bwawa, na maji ya bwawa yana vidudu. Vidudu vinajificha kwenye tope la chini ya tangi, dawa inapoishiwa nguvu vinazaana. Mama mkwe anainua glasi. Glasi inakwenda kwa meneja. Yeye anaongeza dawa. Alikaa chini pale pale kwenye saruji. Hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili.

"Mimi nachuja bwawa zima kule juu," alisema, "na wewe unanipitishia bwawa mlangoni kwa ndoo."

"Bila maji yake angekufa njiani."

"Si wote wanakufa tu? Utamwambia mama yako. Leo."

"Ataondoka."

"Na mimi Jumatatu natolewa kwenye dawa. Mwambie."

Angeweza kumwambia yeye mwenyewe, na msomaji atauliza kwa nini hakufanya hivyo. Kwa sababu ya kiti cha kamba. Neno lile likitoka kinywani mwa mkaza mwana, lingekuwa uzushi: ameua samaki, sasa anamsingizia mume. Lilitakiwa litoke kwa mtoto aliyezaliwa na huyo mama. Na mtoto, jamani, alikuwa na kigugumizi cha moyo. Ijumaa jioni akaanza: "Mama."

"Naam, mwanangu."

"Chai imepoa?"

Jumamosi akaanza tena, akaishia kumrekebishia saa ya ukutani ambayo haikuwa na tatizo. Mama Dawa, upande wa pili wa meza, aliuma kijiko.

Jumapili asubuhi uvumilivu ukatoka kwa mlango wa mbele. Mama Dawa akavaa koti lake la mvua, akashika brashi ndefu na kopo la dawa, akatangaza kwamba leo tangi linasafishwa. Majirani waliokuja na ndoo zao wakasimama kutazama, muuza mkaa akiwa mbele. Mama mkwe akainuka kwenye kiti cha kamba, akatembea taratibu, akaketi juu ya mfuniko wa tangi.

"Humuui shahidi wangu mbele ya macho yangu, mke wa mwanangu."

Mama Dawa aliweka kopo chini. Alimgeukia mumewe, ambaye alikuwa amejibanza kwenye mlango.

"Mimi nimemaliza maneno," alisema. "Zungumza wewe. Au nyamaza, mimi niende kwenye mita, na mama yako aendelee kunywa vidudu mpaka mwisho wake."

Fundi saa alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa wa kitoto.

"Mama. Yule samaki uliyekuja naye alikufa."

"Amekufa lini? Jana nimempa mkate."

"Alikufa juma lile ulilohamia."

Mama mkwe alimtazama.

"Na huyu humu ndani?"

"Huyu ni wa Alhamisi."

Watu wakaweka ndoo zao chini. Mama mkwe aliuangalia mfuniko aliokalia, akaupapasa kwa kiganja.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "asubuhi nimekuwa namsalimia nani?"

"Wengi, bibi," akasema muuza mkaa, na mke wa kinyozi akamfinya.

"Nilimweleza mambo yangu yote. Nilimweleza habari za baba yako." Sauti yake ilikuwa ndogo, Mama Dawa hakuwahi kuisikia hivyo. "Nilidhani anamkumbuka. Si yeye aliyemtia kwenye maji kwa mkono wake?"

Fundi saa akamnyooshea mkono. Mama mkwe akashuka kwenye tangi, akakataa mkono aliopewa, akaingia chumbani, na wote wakasikia begi likiburutwa kutoka chini ya kitanda.

Mama Dawa alifanya kazi yake, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alimtoa samaki wa Alhamisi akamweka kwenye mtungi wa kioo wenye maji ya zamani. Akamwaga maji yote, akasugua tope, akapaka dawa kali kwenye kuta na sakafu ya tangi, akaiacha ikae. Alimwambia mumewe kwamba macho yanamtoka machozi kwa sababu ya mvuke. Alasiri akasuuza, akafungulia bomba, akaketi kwenye kiti cha kamba bila kufikiri ni cha nani. Alipoinua kichwa mama mkwe alikuwa amesimama mbele yake na begi mkononi.

"Nilisema samaki akifa naondoka."

"Ulisema, Mama."

"Kumbe kafa siku nyingi."

"Siku nyingi."

"Na maji nimeyanywa miaka yote. Maji hayo hayo yaliyowaua."

"Hayo hayo, Mama."

Mama mkwe alifikiri. Begi hakuliweka chini.

"Na mimi," aliuliza, "mlinibadilisha mara ngapi?"

"Wewe ni yule yule, Mama," alijibu Mama Dawa, na moyoni akaongeza: kwa bahati mbaya. Mama mkwe akaguna na kurudi chumbani, na usiku mwanawe alimfuata huko akamweleza habari za ndoo na maji ya bwawa. Begi hakulifungua.

Jumatatu kamati ikakaa kwenye ofisi ya meneja, viti vya plastiki vimebanana, kila mtu na hoja yake. Mama Dawa aliitwa asimame. Alikuwa amejiandaa kueleza habari za matope na mayai, mpimaji yuko nyuma yake tayari kumtetea, lakini alipofumbua mdomo aliona kwamba ukweli wote unapita juu ya mumewe. Jana walisikia majirani wa tangini tu; kesho mji mzima ungekuwa unamwita Bwana Samaki, na mama yake angechekwa kwa kuongea na perege asiyemjua. Akafunga mdomo. Meneja akashusha pumzi, akavuta kalamu.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe akaingia na viatu vyake vya kutokea na lile begi. Mama Dawa akajua anaaga. Mama mkwe akaja mpaka mezani, akaichukua ile glasi yenye kisahani iliyokuwa mbele ya meneja, akaiinua ili kila mtu aione.

"Glasi hii niliileta mimi. Basi naichukua mimi. Vidudu hivi ni vyangu. Vimezaliwa tangini kwangu, vimekuja na samaki wangu. Ni hivyo, na anayetaka kucheka acheke sasa nikiwa hapa." Hakuna aliyecheka. "Huyu mwanamke kosa lake ni hasira, na hasira nimempa mimi. Mwacheni kwenye dawa yake."

Kisha akamimina maji ya bomba kutoka kwenye jagi la kamati, akanywa yote, akakunja uso.

"Ila yananuka," akasema. "Punguza, mwanangu."

Miaka yote amekuwa mke wa mwanawe, mke wa mtu, yule wa jikoni. Mama Dawa alisema atapunguza, na ikabidi ainame kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Nje, mama mkwe alifungua begi. Ndani kulikuwa na ule mtungi wa kioo, umefungwa kwa taulo, na samaki wa Alhamisi anazunguka. "Huyu hana kosa," alisema. "Nionyeshe kwao." Wakapanda wote wawili hadi bwawani, mama mkwe akalalamika njia nzima juu ya mawe, mlima na mwendo wa mkaza mwana wake. Akammwaga samaki majini. Hakumwambia neno, alimtazama tu mpaka akapotea, na wakarudi.

Dawa ikarudi kwenye kipimo chake. Vidudu havikuonekana tena, watu wakapata mengine ya kulalamikia. Lakini Jumanne ile asubuhi, Mama Dawa akiwa jikoni anakimbizana na saa, akasikia kiti cha kamba kinaburutwa. Hakikuishia kwenye tangi. Kilikuja mpaka mlango wa jikoni, mama mkwe akaketi, akavunja mkate, akampa kipande.

"Umeamkaje?" alisema. "Mimi sikulala. Hebu nikwambie habari za mke wa mwanangu."

Na akamweleza zote, kuanzia mboga iliyoungua, mpaka Mama Dawa akachelewa kazini.